Bushi za 240Z: Mdogo Wangu, Usikimbilie Ngumu

Safari hii swali limetoka kwa kijana aliyeachiwa Datsun 240Z na mjomba wake. Akikanyaga breki usukani unavuta pembeni, akiondoa gari kunagonga chini, na tairi za mbele zinalika upande mmoja. Gereji imemwambia anunue shokapu zote nne.

Usitoe hela kwanza. Inua gari, liweke juu ya stendi imara, na usithubutu kuingia chini likiwa limeshikiliwa na jeki tu. Chomeka nondo kati ya mkono wa chini na fremu, kisha sukuma. Mkono ukicheza, na mpira wa kwenye kiungo chake umepasuka au umelainika kwa oili, tatizo ni huo mpira, yaani bushi. Shokapu ziache kwanza.

Sasa najua watakaokuja. Watakwambia gari la spoti linataka bushi ngumu za poliurithani, na watakutajia Safari Rally: 240Z ilishinda 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, ikashinda tena 1973 na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Ni kweli kabisa. Ila wale walikuwa na mafundi wakiwasubiri njiani. Wewe una mgongo wako na barabara ya kwenda kazini.

Mpira umewekwa pale kwa makusudi. Unameza mtikisiko na kuruhusu mkono kupanda na kushuka. Angalia ile fimbo inayozuia mkono wa mbele usisogee mbele wala nyuma unapofunga breki. Ukiweka bushi ngumu pande zake zote mbili, fimbo inakosa pa kuchezea, inapindwa kila tairi inapopanda tuta, na mwisho chuma kinachoka na kukatika. Hapo weka mpira, usibishane na mtu. Ukitaka ngumu mahali pengine, sawa, lakini paka grisi ya silikoni, la sivyo gari litalia kama kitanda kibovu.

Kutoa za zamani kunahitaji subira. Usichome mpira kwa moto. Moshi wake ni sumu. Tumia presi. Ganda la chuma la bushi likigoma kutoka, lipasue taratibu kwa msumeno kutokea ndani, na uache kabla meno hayajagusa chuma cha mkono wenyewe. Kwenye mikono ya nyuma kuna pini ndefu maarufu kwa kuganda. Katikati yake kuna kipini cha kuifunga. Toa hicho kwanza. Mwagia mafuta ya kulegeza kutu siku kadhaa kabla ya kazi, na usigonge nyundo kwenye nyuzi za pini, maana zikivimba haitatoka. Ikishindikana, ikate uweke mpya.

Na hapa ndipo mafundi wengi wenye haraka wanapoharibu. Bushi ya mpira ya mkono haizunguki kama beringi. Inajinyonga, kwa sababu imegandishwa kwenye vyuma vyake vya ndani na nje. Ukikaza nati mikono ikiwa imening'inia, ukishusha gari mpira unabaki umenyongwa hata likiwa limeegeshwa, na utapasuka mapema. Basi kaza kidogo tu, shusha gari likae kwa uzito wake, lisukumesukume, ndipo umalizie kwa spana yenye kipimo. Fundi akikwambia "haina tofauti," mwambie hata kama, alishushe.

Ukimaliza, nenda ukapige alaimenti, kisha baada ya wiki kadhaa za kutembea urudie kukagua nati zote.

Pesa ikibana, anza na bushi za fimbo za mbele, kwa kuwa zinagusa breki na usukani moja kwa moja. Za nyuma zifuate mwezi ujao. Rangi na rimu mpya? Hizo tutazungumza gari likishanyooka barabarani.