Darubini Inapopoteza Ukali Usiku wa Baridi

Septemba 7, 2025, mwezi ulipatwa wote kwa dakika 82 kuanzia saa mbili na nusu usiku, na pasipokuwa na mawingu Wakenya waliuona ukiwa mwekundu. Utapatwa wote tena Desemba 31, 2028, mapema usiku. Shule za Mulot zenye darubini, au zitakazoazima, zina muda wa kujifunza jambo moja: picha inapofifia katikati ya usiku, mara nyingi chombo hakijaharibika.

Vitu hunywea vikipoa. Bomba la alumini la urefu wa mita moja, likitoka nyuzi 22 hadi 12 za Selsiasi, hupungua karibu robo ya milimita. Ni kidogo, lakini yatosha kuondoa ukali wa picha. Chuma hupungua takriban nusu ya hapo, mbao kidogo zaidi, na nyuzi za kaboni karibu hazibadiliki, ila bei yake si ya shule ya kawaida. Kwa anayetazama kwa jicho, dawa ni kuzungusha kitufe cha kulengea kila baada ya muda. Anayepiga picha ndiye atakayesumbuka. Inafaa pia kuitoa darubini nje saa moja kabla ya kutazama, ili ipoe pamoja na hewa.

Umande ni kesi nyingine. Usiku usio na mawingu, kitu kilicho wazi kwa anga hupoteza joto hadi kikawa baridi kuliko hewa yenyewe. Ndivyo mabati yanavyolowa alfajiri bila mvua, na ndivyo jalidi inavyounguza majani ya chai kule juu Kericho. Bomba jembamba la chuma lililopakwa rangi hupoa hivyo upesi, na lenzi ya mbele hupata ukungu. Mbao na kadibodi nene hupoa polepole, lakini kadibodi isiyopakwa vanishi hunywa maji na kulegea.

Kinga ni rahisi. Kata godoro jembamba la sponji, lizungushe mbele ya bomba kama kofia, litokeze mara moja na nusu ya upana wa lenzi. Lenzi ikishalowa, isipanguswe kwa shati wala leso: vumbi hukwaruza utando wake, na mkwaruzo hautoki. Irudishwe ndani, ielekezwe chini, ikauke yenyewe. Foleni ya wanafunzi itanung'unika, lakini itasubiri.