Kuunganisha Fanksheni: Mfano wa Magunia ya Babati

Katika JavaScript, fanksheni huungana kama pete za mnyororo iwapo kila moja hupokea orodha na kurudisha orodha mpya, bila kuibadili ile ya awali.

Mathalani, magunia matatu ya mahindi sokoni Babati yana kilo 90, 100 na 104. “Punguza” hutoa kilo 1 ya gunia tupu. “Chuja” hubakiza yaliyofikia kilo 100. “Jumlisha” hufunga mnyororo, kwani hurudisha namba, si orodha.

Punguza, chuja, jumlisha: 103.
Chuja, punguza, jumlisha: 202.

Fanksheni ni zile zile. Mpangilio ndio uliobadilika, na mnunuzi atalipia gunia lenye mahindi pungufu.

Zoezi: Kwa kilo 99, 101 na 105, minyororo yote miwili hutoa 204. Eleza kwa nini kosa limejificha.