Ukaguzi wa Mashimo ya Maji Machafu

Vyama vya msingi katika wilaya za Mbulu na Hanang hujenga ghala na ofisi kwa fedha za wanachama; nyuma ya jengo huchimbwa shimo la maji machafu, hufunikwa kwa bamba la zege, kisha husahauliwa. Siku ya ukaguzi kamati huchungulia, huona ukuta uliozama majini ungali imara, na kuandika daftarini kwamba shimo ni zima. Hapo ndipo kosa lilipo, kwani zege la shimo kama hili huliwa juu ya maji, si chini yake.

Sababu ni hii. Katika tope lisilopata hewa, bakteria hugeuza chumvi za salfeti kuwa gesi yenye harufu ya mayai viza. Gesi hupanda na kuingia katika unyevu ulioshika chini ya bamba, na hapo bakteria wa aina nyingine huigeuza kuwa asidi ya salfuriki. Bakteria hao walitambuliwa na C. D. Parker huko Melbourne, Australia, mwaka 1945. Asidi hula chokaa iliyomo katika saruji na kuiacha laini kama uji mweupe wa jasi. Hatimaye huzifikia nondo, nazo zikishika kutu huvimba na kulipasua zege. Na bamba hilo ndilo watu na ng'ombe wapitalo juu yake.

Basi mkaguzi na aligonge kwa nyundo na kusikiliza mlio wa uwazi, kisha akwaruze upande wa chini kwa msumari uliofungwa kwenye ufito. Mtu yeyote asiteremke shimoni. Gesi hiyo huua upesi, na ikizidi pua haiinusi tena.

Chama kinachojenga upya kichanganye saruji 1, mchanga 1½ na kokoto 3, kwa maji machache. Zege lifunikwe kwa magunia yaliyoloweshwa kwa siku zisizopungua 7, na nondo zizamishwe sentimita 5 ndani. Mchanga usichotwe kando ya Ziwa Balangida, kwa kuwa chumvi huozesha nondo. Saruji ya kustahimili salfeti, ingawa husifiwa sana, haiizuii asidi. Bomba la hewa lipande kupita paa, na maji yaingie taratibu, maana yakianguka kwa kishindo huitoa gesi. Upande wa chini wa bamba upakwe epoksi baada ya kukauka. Lami ni nafuu, lakini hudai kurudiwa.

Bamba lililokwisha kulainika lisifichwe kwa plasta. Livunjwe, na gharama zipelekwe mbele ya mkutano mkuu.