Ukoko Katika Injini ya Helikopta: Mafuta, Oili na Tatizo la Istilahi

Korbesa, katika eneo la Merti, Isiolo, ni nchi ya joto na vumbi. Mwaka 2020, nzige wa jangwani walipoivamia kaunti hiyo, helikopta zilikuwa miongoni mwa vyombo vilivyotumika kuwafuatilia. Kazi ya namna hiyo humlazimu rubani kutua, kuzima na kuwasha injini mara kwa mara. Na ni katika kuzima ndipo oili huharibika.

Mintarafu ya lugha, kikwazo cha kwanza ni neno "mafuta". Mswahili hukiita hivyo kinachochomwa na kinacholainisha pia. Hapa, mafuta ni yale yachomwayo, na oili ni ile inayolainisha na kupoza beringi. Kikwazo cha pili ni "masizi". Masizi hutokana na moshi, ilhali tabaka gumu linalong'ang'ania ndani ya mirija ya oili halitokani na moshi hata kidogo. Injini izimwapo, mzunguko wa oili hukoma, lakini joto la tabaini huendelea kupenya hadi kwenye beringi. Oili iliyosalia humo huungua pasipo kuwaka, ikaganda. Mpishi wa wali anaujua mchakato huo: ni ukoko. Hivyo basi, istilahi "ukoko" yafaa kuliko "masizi", kwani hubeba chanzo na umbo vyote viwili.

Ukoko ukimeguka waweza kuziba tundu la kupitishia oili. Beringi hukauka na kuharibika, na injini yaweza kuzimika angani.

Oili ya tabaini huundwa kwa esta, tofauti na oili ya kawaida ya gari itokanayo na mafuta ghafi. Kiwango cha MIL-PRF-23699 kina daraja la kawaida, STD, ambamo imo Mobil Jet Oil II, na daraja la HTS linalostahimili joto zaidi, kama AeroShell Turbine Oil 560 na Mobil Jet Oil 254. Kwa injini ya Rolls-Royce 250, iliyomo katika Bell 206, HTS hupunguza ukoko. Hata hivyo, hakimu ni orodha ya mtengenezaji wa injini, wala si tangazo la muuzaji. Aidha, injini kuukuu ikibadilishiwa oili, ukoko wa zamani waweza kubanduka; vichujio havina budi kukaguliwa kwa karibu mwanzoni.

Oili bora haimwondolei rubani wajibu. Injini hiyo ya 250 huachwa izunguke polepole kwa dakika 2 kabla ya kuzimwa, ipoe. Abiria wenye haraka huziona dakika hizo ndefu mno.