Mafuta ya Kuwait na Shauri la Raia

Tumeulizwa darasani: mafuta yakiisha, nchi za Kiarabu zitakuwaje? Swali hili ni pana, nasi leo twataka kutazama nchi moja tu ambayo wazee wetu waliijua vyema. Mabumu ya Kuwait yalikuwa yakishuka na Kaskazi mpaka Lamu na Mombasa yakileta tende za Basra, kisha yakirejea na Kusi yamesheheni boriti za mikoko. Na dari za nyumba za Kuwait zikashikwa na boriti hizo za kwetu.

Mali yao nyingine ilikuwa lulu. Wajapani walipojua kuzizalisha lulu kwa mikono yao, biashara ile ikaanguka katika miaka ya 1930, na wapiga mbizi wakabaki na madeni. Mafuta yalipatikana Burgan mwaka 1938, yakaanza kupakiwa melini mwaka 1946. Basi Wakuwaiti hawahitaji kuambiwa kwamba mali ya nchi yaweza kutoweka. Jambo hilo walikwisha kuliona.

Kwa hivyo walifanya la busara. Mwaka 1953 waliweka idara huko London ya kuizalisha ziada ya fedha zao, na sheria ya 1976 ikaamuru sehemu 10 katika kila 100 ya mapato iwekwe kwa ajili ya vizazi vijavyo. Iraq ilipoivamia nchi hiyo mwaka 1990, akiba ndiyo iliyoikimu serikali yao uhamishoni. Lakini mwaka 2020, bei ya mafuta iliposhuka, sheria ikabadilishwa: fungu hilo litolewe pale tu panapobaki ziada.

Sisi twaona tatizo si kisima. Serikali isiyotoza raia kodi ya mishahara yao, tena ndiyo iwapayo wengi wao kazi, huona haina haja ya kuwataka shauri. Na raia naye, aliyezoea kupewa, huomba zaidi. Kuwait ilikuwa na Baraza la Umma tangu 1963, wala hatulisifu kupita kiasi: wako wajumbe walioshughulika kutaka serikali iwabebee raia madeni yao. Lakini humo waziri aliweza kusimamishwa akaulizwa fedha zimekwenda wapi. Mei 2024 Amiri alilivunja, akasimamisha baadhi ya vifungu vya katiba kwa muda usiozidi miaka minne.

Akiba ile ni haki ya watoto ambao hawajazaliwa. Katika muda huo, ni nani atakayewasemea?