Kuvusha na Kuvukika: Protini na Safari ya Lipidi Katika Utando wa Seli

Utangulizi

Kumekuwa na mazoea miongoni mwa baadhi ya wasomi ya kudai kwamba Kiswahili kinatosha katika ushairi na siasa, lakini hupungukiwa kinapofika maabarani. Aghalabu dai hili hujibiwa kwa orodha ndefu za istilahi. Makala hii inafuata mkondo tofauti. Inateua mada moja finyu ya biolojia ya seli, yaani jinsi protini zinavyohamisha lipidi kutoka upande mmoja wa utando hadi upande wa pili, na kuonyesha kwamba mnyambuliko wa vitenzi, ambao kila mwanafunzi wa sarufi anaufahamu, unabainisha jambo ambalo majina ya mkopo yanalificha.

Utando na pande zake mbili

Kila seli imezingirwa na utando mwembamba mno, wenye unene wa takribani nanomita 5. Mnamo mwaka wa 1925, Gorter na Grendel, watafiti wa Leiden nchini Uholanzi, walitoa lipidi katika seli nyekundu za damu, wakazitandaza juu ya maji, wakaona kuwa zinafunika eneo lililo karibu mara mbili ya eneo la seli zenyewe. Wakahitimisha kwamba utando una matabaka mawili. (Vipimo vyao vilikuwa na kasoro mbili ambazo kwa bahati zilifidiana, hitimisho lilikuwa sahihi hata hivyo.) Fosfolipidi, ambazo ndizo lipidi kuu za utando, zina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia. Vichwa huelekea nje na ndani ya seli, nayo mikia hujificha katikati.

Lipidi huteleza kwa wepesi ndani ya tabaka lake. Kuvuka hadi tabaka la pili ni jambo jingine kabisa, kwa maana kichwa hulazimika kupenya katikati ya mafuta ambayo hakipatani nayo. Ikiachwa peke yake, fosfolipidi huweza kukaa saa nyingi, au hata siku kadhaa, kabla ya kuvuka. Ugumu huu ndio unaoiwezesha seli kuhifadhi lipidi tofauti katika kila upande. Mwaka wa 1972, Mark Bretscher wa Cambridge alieleza kwamba lipidi za seli nyekundu za damu hazikupangwa sawasawa. Leo inajulikana kwamba ile iitwayo fosfatidilserini hukaa karibu yote upande wa ndani. Ikionekana nje, mwili huisoma kama ujumbe: ama damu igande, ama seli hiyo imezwe.

Protini zinazovusha

Ni nani basi anayeirudisha ndani lipidi hii inapoponyoka? Mwaka wa 1984, Seigneuret na Devaux walionyesha jijini Paris kwamba seli nyekundu za binadamu huivuta fosfatidilserini kutoka nje hadi ndani, mradi tu kuna ATP, kemikali ambayo seli huitumia kama kuni. Protini zifanyazo kazi hiyo huitwa flipasi. Flipasi huipasua ATP, hubadili umbo lake, na kukipitisha kichwa cha lipidi katika njia iliyo ubavuni mwake, ilhali mikia inaburuzwa nje ya njia hiyo, ndani ya mafuta.

Zipo pia flopasi, ambazo hutumia ATP kupeleka lipidi nje. Mojawapo ni ABCB4 iliyoko katika ini. Hiyo hutoa fosfatidilikolini na kuitia katika nyongo. Ikikosekana, chumvi za nyongo huiunguza mirija ya ini lenyewe.

Kundi la tatu ni skrambulasi, na hapa ndipo wengi hupotoka. Skrambulasi haitumii ATP wala haichagui upande. Hufungua mfereji ambao vichwa vya lipidi hupita kwenda na kurudi, na mpangilio wote ukavurugika. Kwa kuwa majina yote matatu yanaishia na -asi, msomaji hudhani kwamba ni kazi moja inayofanywa na protini tatu. Sarufi ya Kiswahili hairuhusu mchanganyiko huo. Flipasi na flopasi huvusha: hii ni kauli ya kutendesha, na kutendesha kunahitaji nguvu ya mtendeshaji. Skrambulasi haivushi chochote. Huufanya utando uvukike. Anayeandika kwamba skrambulasi "huvusha" lipidi amekosea sarufi na sayansi kwa pamoja, wala si kosa dogo.

Damu inapohitaji na isipohitaji

Mtu anapojikata, kalsiamu huingia kwa wingi katika chembe sahani za damu. Kalsiamu hiyo huifungua skrambulasi iitwayo TMEM16F, iliyotambuliwa mwaka wa 2010, na papo hapo huzizuia flipasi. Fosfatidilserini hujitokeza nje, na protini za kugandisha damu hupata mahali pa kushika. Wachache waliozaliwa na kasoro katika jeni ya TMEM16F wana ugonjwa wa Scott: chembe sahani wanazo, ila damu yao haigandi ipasavyo, maana utando hauvukiki.

Seli inayokufa kwa utaratibu nayo hutumia mbinu kama hiyo. Vimeng'enya viitwavyo kaspasi huikata skrambulasi Xkr8, nayo hufunguka. Kaspasi hizo hizo huikata flipasi ATP11C, nayo huacha kazi. Mlango umefunguliwa na bawabu ameondolewa. Seli zimezazo mabaki huja na kuisafisha maiti kabla haijaoza.

Katika selimundu, ugonjwa unaojulikana sana katika eneo la Ziwa Viktoria na Pwani ya Kenya, mambo hayo hutokea pasipo haja. Himoglobini inapogandamana na kuipinda seli, kalsiamu huingia, flipasi hulegea, na baadhi ya seli huonyesha fosfatidilserini nje zingali hai. Seli hizo hunata kwenye kuta za mishipa, huchochea damu kuganda, na humezwa mapema. Seli nyekundu ya kawaida huishi siku zipatazo 120. Ya mgonjwa wa selimundu huishi kati ya siku 10 na 20 hivi. Upungufu wa damu unaomrudisha mtoto hospitalini kila mara hutokana na vifo hivyo vya mapema, na sehemu ya vifo hivyo inatokana na lipidi moja iliyovuka bila kurudishwa.