Neno "Akeraios": Safi, Asiyechanganywa

Somo letu ni la neno moja la Kiyunani, akeraios. Limo mara tatu tu katika Agano Jipya, na wengi tumelisoma bila kujua kuwa ni lile lile, kwa sababu Biblia ya Union Version ya 1952 ililitafsiri kwa njia tatu. Katika Mathayo 10:16 ni "wapole", katika Warumi 16:19 ni "wajinga", na katika Wafilipi 2:15 ni watu wasio na udanganyifu.

Asili yake ni kitenzi cha kuchanganya, na ile a ya mbele inakanusha. Wayunani walilitumia kwa divai isiyotiwa maji na kwa madini yasiyochanganywa. Mama anayenunua maziwa hapa sokoni hahitaji mwalimu wa kumweleza.

Lakini "wajinga" limesumbua wengi. Je, Paulo anataka tuwe wajinga? Hapo Kiswahili chenyewe kinasaidia. Mpumbavu amefundishwa akakataa. Mjinga hajajua bado. Zamani kule pwani hata watumwa walioletwa karibuni kutoka bara waliitwa wajinga, maana walikuwa wageni wa lugha na desturi. Sisi wakimbizi ujinga huo tunaujua! Siku ya kwanza kila mmoja aliuliza maji yako wapi na foleni ya posho inaanzia wapi. Paulo anataka tubaki wageni hivyo katika uovu tu.

Sasa tazameni mstari wa 18. Pale kuna neno lingine, akakos, mtu asiye na ubaya moyoni, na Paulo anasema hao ndio wanaonaswa na wenye maneno matamu. Neno lenyewe si tusi, kwani Waebrania 7:26 inamwita Kristo hivyo. Ila katika Mithali 14:15 ya Kiyunani akakos ni yule anayesadiki kila analoambiwa. Kiebrania chake ni peti, neno linalohusiana na kuwa wazi, kama nyumba isiyo na mlango.

Tunaandika haya kwa sababu wapo watu wanaopita jioni nyumba kwa nyumba, wakiahidi kuingiza majina katika orodha ya kwenda Marekani au Kanada. Wengine huanza kwa maombi. Kuna familia zimeuza posho, hata mabati ya nyumba, ili kuwalipa. UNHCR haitozi pesa kwa usajili, kwa mahojiano, wala kwa kuhamishiwa nchi ya tatu.

Tumesikia ikisemwa kuwa kumwuliza mtu anayeomba vizuri kitambulisho chake ni kukosa imani. Hatukubali. Yesu aliwataja nyoka na hua kwa pumzi moja. Mwulizeni jina lake na ofisi yake, mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Na aliyekwisha kutoa pesa asijifiche kwa aibu. Aje kwetu baada ya ibada, tutakwenda naye kutoa taarifa.